Milimita Tisa

Banda la mashua la mama mkwe wangu, Gunvor,
limesimama kati ya vichaka vya matunda ya buluu,
mlango ukitazama nyasi.
Bado lina kamba. Bado linanuka lami
na samaki wa enzi za babu yake.
Kutoka kizingitini hadi majini ni hatua mia mbili na arobaini;
nilizihesabu mwenyewe, Septemba, na viatu vya mpira.

Hakuna aliyelihamisha.
Hapa Kvarken bahari haikimbii, nchi ndiyo inayoinuka,
milimita tisa kwa mwaka,
upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.
Haba na haba, ila hii haijazi kibaba:
inakimwaga.

Kazi yangu ni kupima. Nina nguzo ya chuma
iliyochimbiwa mwambani nyuma ya kanisa,
na kila alfajiri satelaiti hunipa jibu lile lile:
juu kidogo.
Watu huuliza, kuna nini huko chini?
Hudhani ni moto, uji mwekundu unaotokota
kama kwenye vitabu vya watoto.
Nami huwaambia, ni jiwe.

Jiwe, kilomita hamsini chini ya soksi zenu,
zito, la kijani,
kijani cha zabarajadi iliyomo kwenye pete ya Gunvor,
ingawa huko hakuna jicho,
na rangi isiyo na jicho ni ahadi tu.
Wataalamu huliita joho.
Joho gani hili, lisilo na mshono,
ambalo dunia haijawahi kulivua?
Ukizidi kushuka, joto linatosha kuyeyusha shaba,
lakini jiwe limebanwa kila upande,
halina hata nafasi ya kuyeyuka.
Tetemeko likipiga Japani, mtikisiko hulipita
kama unavyopita kwenye kengele.
Maji hayawezi hivyo. Uji hauwezi.

Hata hivyo linatiririka.
Usinihimize nikueleze, maana lenyewe halihimizwi.
Punje hupisha punje; chembe moja huacha nafasi,
nyingine huingia,
na anayetazama huzeeka kabla hajaona kitu.
Kwa nyundo ni jiwe.
Kwa miaka elfu ni asali.

Zamani barafu ilikaa hapa, kilomita tatu kwenda juu,
ikaketi juu ya nchi kama mgeni asiyejua kuaga.
Nchi ikadidimia. Jiwe la kijani likajisogeza kando, kimya.
Kisha barafu ikaisha, miaka elfu kumi sasa,
na jiwe ndio kwanza linarudi mahali pake.
Nadhani bado halijaamini.

Machi tulikutana kwenye ukumbi wa zimamoto.
Evald na nduguye Sixten waligombea ukanda wa kokoto,
upana wa magari mawili,
uliochomoza tangu baba yao azikwe.
Sixten alileta ramani ya mwaka hamsini na moja.
Evald alileta ya zamani zaidi, yenye doa la mafuta.
Kahawa ikapoa. Mtu akataja mahakama.
Gunvor akainuka, mkono kiunoni:
"Mpeni aliyeuinua."

Katibu, mtu wa taratibu, akashika kalamu,
akanigeukia mimi:
"Jina lake linaandikwaje?"
Nikafungua kinywa.
Niseme joho? Niseme jiwe?
Au niitaje barafu, ambayo haipo hata ishtakiwe?
Evald ndiye aliyeanza kucheka.
Sixten hajacheka mpaka leo.

Mwezi Mei nilimkuta Gunvor bandani
akipaka mafuta bawaba za mlango, kama kila mwaka.
Nikamwambia, mama, maji hayarudi hapa.
Hakuniangalia. Alifuta chupa kwa aproni.
"Barafu nayo ilidhani imefika kukaa," alisema.
"Shika huku."

Nikashika. Akasukuma.
Mlango ukafunguka bila sauti,
kuelekea nyasi.